SHAFTI YA PIKIPIKI NA MAFUTA YAKE

Pikipiki nyingi huendeshwa kwa mnyororo. Mnyororo huonekana: ukilegea, mwenyewe huuona, ukikauka, huusikia ukilia. Lakini ziko pikipiki ambazo nguvu ya injini hupelekwa kwenye gurudumu la nyuma kwa ufito wa chuma uzungukao, uitwao shafti. Mwaka 1923 kiwanda cha BMW cha Ujerumani kilitoa pikipiki yake ya kwanza, R32, iliyobuniwa na mhandisi Max Friz, nayo ilikuwa na shafti.

Katika pikipiki za kiwanda hicho zilizoanza kuundwa mwaka 1969, shafti imefichwa ndani ya mkono wa chuma ulio upande wa kuume. Mwisho wake liko kasha lenye magurudumu ya meno, yageuzayo mzunguko wa shafti uwe mzunguko wa gurudumu la nyuma. Kwa kuwa vumbi halifiki humo, wengi hudhani kuwa shafti haihitaji kutunzwa. Hilo ni kosa. Mkono una mafuta yake, na kasha lina yake, nayo huchakaa.

Atakaye kuyabadili mwenyewe na afanye kwa taratibu. Kwanza aende safari fupi, kwa maana mafuta yenye moto hutoka upesi na kuchukua uchafu. Kisha aisimamishe pikipiki mahali palipo sawa. Kabla ya kufungua kizibo cha chini, hana budi kufungua kile cha juu cha kujazia. Kwa nini? Kizibo cha zamani huweza kukwama. Mtu akiisha kumwaga mafuta, kisha akaona cha juu hakifunguki, pikipiki haitaweza kwenda hata kwa fundi.

Mafuta yakitoka, ayatazame vema. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Unga laini wa chuma, ukiwa kidogo, si ajabu. Lakini vipande vya chuma ni habari mbaya, kwani meno au beringi zinavunjika. Hapo asiipande tena mpaka fundi aione, maana kasha likikwama njiani, gurudumu husimama ghafula na kumtupa mpandaji.

Kisha atie pete mpya za vizibo, akaze, na kujaza mafuta kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki. Yakipungua, meno huungua. Yakizidi, huweza kuvuja mpaka kwenye breki.

Tena, kila gurudumu la nyuma linapoondolewa, meno yaliyo katika kitovu chake yapanguswe na kupakwa grisi. Yakiachwa makavu hulika kidogo kidogo yakawa membamba, hata siku moja injini itavuma na pikipiki isisogee.

Kazi hii yote haizidi nusu siku, na mafuta yake ni machache. Meno mapya ni ya thamani kubwa, tena kwa pikipiki ya zamani ni shida kuyapata. Basi chombo kilichofichwa kisisahauliwe kwa sababu hakilalamiki.

Maswali
1. Kwa nini kizibo cha juu hufunguliwa kwanza?
2. Mafuta meupe kama maziwa huonyesha nini?
3. Eleza hatari ya kuzidisha mafuta.