Gari la Rimoti Kwenye Mchanga wa Majivu: Maswali na Majibu ya Marudio kutoka Ndabibi

Maswali haya ni ya mwanafunzi wa ufundi wa magari au wa umeme anayefanyia mazoezi gari dogo la rimoti, la kipimo cha moja kwa kumi. Gari dogo si mchezo mtupu. Lina difu, shokamzoba, beringi, gia na mfumo wa kupooza, na mchanga wa huku Ndabibi unalitesa vilevile unavyolitesa gari la mbio za Safari au pikipiki ya bodaboda. Tofauti ni kwamba hili unaweza kulifungua lote juu ya meza moja na kuyaona madhara kwa macho.

Swali la 1. Eleza mchanga wa Ndabibi, kisha uulinganishe na ule wa ufukwe wa Diani. (alama 6)

Ndabibi iko magharibi mwa Ziwa Naivasha, kati ya ziwa na miteremko ya Mau. Kaskazini kuna mlima Eburru. Kusini na kusini mashariki kuna Olkaria na Longonot. Yote mitatu ni volkeno, na udongo wa juu wa eneo hili umetokana kwa sehemu kubwa na majivu na mawe mepesi ya pumisi iliyoyatema. Chembe ya majivu ya volkeno ni kipande cha kioo kilichovunjika. Ina kona kali, haijasuguliwa na mawimbi ikawa duara. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kioo cha volkeno hufika kama 5.5, ilhali alumini haifiki hata 3. Kwa hiyo kila chembe inayoingia kati ya vyuma viwili ina uwezo wa kuchora mwili wa shokamzoba, kuta za difu na shafti laini. Wakazi wa kale wa Bonde la Ufa walilijua hilo: walichonga visu na vichwa vya mikuki kwa obsidiani ya Eburru, kioo hichohicho kikiwa katika hali ya jiwe.

Mchanga mweupe wa Diani umetokana zaidi na matumbawe na magamba ya viumbe wa baharini, yaani kalisi kaboneti, ambayo ugumu wake ni kama 3. Ni laini zaidi. Lakini lita moja ya maji ya bahari hubeba karibu gramu 35 za chumvi, na chumvi hiyo hula skrubu, beringi na viunganishi vya umeme. Diani gari hufa kwa kutu. Ndabibi hufa kwa kusagika. Ukiulizwa katika mtihani mchanga upi ni mbaya zaidi, usikimbilie kujibu kabla hujataja ni mbaya kwa sehemu ipi ya gari.

Swali la 2. Feshfeshi ni nini, na kwa nini madereva wa Safari huiogopa? (alama 5)

Ni vumbi laini kama unga linalojaa kwenye mikondo ya magurudumu, hasa barabara inapopitiwa na magari mengi wakati wa kiangazi. Juu huonekana tambarare. Chini yake huenda kuna shimo au jiwe ambalo dereva haoni mpaka aligonge.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakawa sehemu ya ubingwa wa dunia kuanzia 1973 hadi 2002, kisha yakarejea katika ubingwa huo Juni 2021, kambi yake ikiwa Naivasha. Hatua ya Kedong, iliyokuwa na zaidi ya kilomita 30, ndiyo iliyowafundisha wageni maana ya feshfeshi. Na upande wetu huu wa magharibi mwa ziwa, kwenye hatua ya Loldia, Thierry Neuville wa Ubelgiji alikuwa akiongoza kwa karibu dakika nzima asubuhi ya siku ya mwisho mwaka 2021, shokamzoba ya nyuma ikavunjika, akatoka mashindanoni. Sébastien Ogier akashinda.

Kwa gari la rimoti, feshfeshi ya kina cha sentimita tano tayari inafika ekseli. Chasi hulala juu ya vumbi, magurudumu yanabaki yakichimba. Usiingie humo kwa mwendo wa polepole, wala usiingie usipopajua.

Swali la 3. Gari la kilo 3 lina tairi nne, kila moja ikigusa ardhi kwa sentimita 10 za mraba. Tafuta shinikizo juu ya mchanga. Ukifunga tairi pana zinazogusa sentimita 16 za mraba kila moja, shinikizo litakuwa kiasi gani? (alama 4)

Uzito ni nyutoni 30 hivi. Eneo la kwanza ni sentimita 40 za mraba, yaani 0.004 ya mita ya mraba. Shinikizo ni paskali 7,500. Eneo la pili ni sentimita 64 za mraba. Shinikizo linashuka hadi paskali 4,690 hivi. Umepunguza zaidi ya thuluthi bila kutoa gramu moja ya uzito.

Andika pia, hata kama hukuulizwa, kwamba mchanga wenye unyevu kidogo hubeba uzito zaidi kuliko mkavu, kwa sababu utando wa maji huzivuta chembe pamoja. Asubuhi ya siku baada ya mvua ndiyo saa nzuri ya kufanya mazoezi huku.

Swali la 4. Kwa nini gari lenye uzito nyuma hupita vizuri kwenye mchanga? Toa mfano. (alama 3)

Uzito unapolala juu ya magurudumu yanayosukuma, tairi hupata mshiko, na pua nyepesi huelea badala ya kujichimbia. Volkswagen Kobe, injini yake ikiwa nyuma na ikipozwa kwa hewa, ilishinda Safari ya 1962 ikiendeshwa na Tommy Fjastad. Mwaka 1979 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari la rimoti lenye umbo la Kobe wa mchangani, Sand Scorcher, likisukumwa na magurudumu ya nyuma. Jambo la kuzingatia katika gari hilo ni kasha lililozibwa ambamo vifaa vya redio viliwekwa. Waliolibuni walianza kwa kuzuia mchanga kuingia, na huo ndio mpangilio sahihi wa mawazo kwa fundi yeyote wa Ndabibi.

Swali la 5. Taja aina mbili za beringi na ueleze ipi inafaa hapa. (alama 2)

Yenye kifuniko cha chuma na yenye kifuniko cha mpira. Ya chuma huzunguka kwa wepesi lakini huacha mwanya mdogo ambao majivu hupita. Ya mpira ina msuguano zaidi kidogo, nayo huziba. Tumia ya mpira.

Swali la 6. Eleza kwa mpangilio jinsi ya kusafisha gari baada ya kulikimbiza kwenye mchanga wa majivu. Toa sababu ya kila hatua. (alama 10)

Hili ndilo swali lenye alama nyingi, na ndilo wanafunzi wengi hulipoteza kwa kuanza na maji au oili. Mchanga unaoharibu gari si ule uliorundikana kwenye chasi ukiuona. Ni ule laini ambao umekwisha kuingia, au ambao wewe mwenyewe utauingiza wakati wa kusafisha.

Kwanza toa betri. Mota ikishtuka vidole vyako vikiwa kwenye gia, utaumia.

Pili, piga brashi kavu yenye nywele laini, ukianza juu ukishuka chini, na gari likiwa limeinamishwa ili vumbi lianguke nje. Fanya hivi majivu yakiwa bado makavu. Yakilowa hugeuka tope jembamba ambalo hupenya pale ambapo vumbi lilikuwa halijafika.

Tatu, puliza hewa. Pampu ya mkono ya baiskeli inatosha. Ukienda kwa fundi mwenye kompresa, simama mbali na uelekeze upepo pembeni mwa beringi, usiupige moja kwa moja kwenye mpira wake, kwa sababu shinikizo kubwa husukuma chembe ndani na huweza kuung'oa mpira. Vaa kitambaa puani na kinga macho. Vioo hivi vidogo havina faida mapafuni.

Nne, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kwenye shafti za shokamzoba futa kwa makini zaidi, kabla hujazibonyeza, maana chembe iliyokwama pale ikishuka na shafti hukata mpira wa kuziba, na oili huanza kuvuja.

Tano, toa magurudumu ukague ndani. Rimu nyingi za magari haya zina tundu la kupumulia. Mchanga huingia humo, ukakaa ndani ya sponji ya tairi, gurudumu likapoteza uwiano na kutikisa ekseli. Ziba tundu hilo kwa utepe kabla ya safari inayofuata.

Sita, na hapa ndipo pa kutulia, lainisha kwa kiasi. Beringi, tone moja la oili nyepesi. Gia zilizozibwa ndani ya kasha, grisi. Gia zilizo wazi, usipake kitu. Mafuta yakichanganyika na majivu hufanya uji wa kusugulia, kama ule ambao mafundi wa injini hutumia makusudi kusugulia vali, ila huu utasugua meno ya gia usiku na mchana bila kupumzika. Tazama minyororo ya pikipiki zinazobeba mahindi kutoka huku kwenda Naivasha: ile inayomwagiwa oili chafu kila asubuhi juu ya vumbi la jana huisha kabla ya wakati, na sproketi zake huchongoka meno. Dereva hulipa gharama hiyo kwa jasho lake, na angeiokoa kwa kufuta kwanza na kupaka baadaye.

Swali la 7. Kweli au si kweli: gari la rimoti la umeme hupoteza nguvu Naivasha kwa sababu ya mwinuko. (alama 3)

Si kweli kwa nguvu, kweli kwa joto. Ziwa liko kama mita 1,890 juu ya bahari, na hewa hapa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Injini ndogo ya mafuta hupata oksijeni pungufu, hivyo hupoteza nguvu na huhitaji kurekebishwa mchanganyiko wake. Mota ya umeme haivuti oksijeni. Lakini hewa hiyohiyo nyepesi huipooza vibaya zaidi, na mchanga laini huiongezea kazi. Yote mawili hukutana kwenye mota yako.

Swali la 8. Mota inachemka kila ukipita mchangani. Pendekeza badiliko la gia na ulithibitishe kwa hesabu. (alama 4)

Punguza meno ya pinioni, ile gia ndogo ya mota. Gia kubwa ikiwa na meno 54 na pinioni 20, uwiano ni 2.7. Ukifunga pinioni ya meno 17, uwiano ni 3.18. Nguvu ya kuzungusha magurudumu inaongezeka kwa karibu asilimia 18, na kasi ya juu inapungua kwa karibu asilimia 15. Mchangani kasi hiyo hukuwa ukiifikia hata hivyo.

Swali la 9. Kwa nini mota isiyo na brashi huziba upesi kwenye udongo wa volkeno? (alama 2)

Ndani yake kuna sumaku kali, na majivu ya volkeno hubeba chembe nyeusi za oksidi ya chuma. Pitisha sumaku kwenye mchanga mkavu uzione zikining'inia. Chagua mota iliyofungwa pande zote, au ivalishe soksi ya nailoni na kuifua kila mara, maana soksi iliyojaa vumbi huzuia hewa.

Magari makubwa yana tatizo linalofanana kwenye chujio la hewa. Hiyo ni sababu mojawapo ya magari ya Safari ya miaka ya 1990 kuwa na bomba la kuvuta hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele, na bomba hilo limerudi katika mashindano ya Naivasha: hewa ya juu ina vumbi pungufu.

Swali la 10. Betri ya lithiamu polima ihifadhiweje? (alama 3)

Kila seli ikijaa ni volti 4.2, usiishushe chini ya 3.0, ukiihifadhi iwe karibu 3.8. Pangusa viunganishi, maana chembe ikikaa kati ya vyuma huleta ukinzani na joto. Iliyovimba au kutobolewa haichajiwi tena. Usichaji ukiwa umelala, na usichaji juu ya godoro.

Swali la 11. Taja mahali pasipofaa kuendeshea gari hili. (alama 2)

Ukingo wa ziwa, kwa sababu viboko na nyati hutoka majini na vichakani bila taarifa. Mbuga ya Hell's Gate bila ruhusa. Shamba la mtu lililopandwa. Popote penye wanyama, gari likisimama mbali, liache mpaka waondoke.

Swali la 12. Gari limezama. Mota inalia lakini magurudumu hayazunguki. Toa hatua zako. (alama 5)

Achia kichocheo mara moja. Kila sekunde ya mota kulia inaongeza joto bila faida. Liinue gari kwa mkono, usilivute kwa tairi. Toa betri. Zungusha gurudumu moja la nyuma: likizunguka na mwenzake likarudi kinyume, na gia kubwa ikatulia, difu ni nzima. Sasa shika gia kubwa, zungusha shafti ya mota. Shafti ikizunguka na pinioni ikabaki, skrubu yake imelegea. Safisha shafti, rudisha pinioni ili skrubu ikae kwenye upande bapa, tia gundi ya nyuzi, kaza, kisha zungusha kila kitu kwa mkono kabla ya kurudisha betri.