Somo la Uonjaji: Jinsi Kahawa na Mvinyo Zinavyopimwa kwa Ulimi

Wanachama wengi hupeleka kahawa yao chamani bila kupata kujua jinsi inavyohukumiwa huko mbele. Yafaa ieleweke kwamba mwonjaji wa kahawa ni ndugu wa mwonjaji wa mvinyo. Huko Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda, nayo huupa rangi na ule ukakasi unaokausha ulimi. Kwa mvinyo mweupe, kama wa zabibu ya Chenin Blanc, maganda hutengwa mapema, ukabaki mwepesi wenye uchachu. Arabika ya Mbinga inayooshwa yakaribia njia hiyo ya pili: ganda jekundu humenywa siku ile ile ya kuchuma.

Mwonjaji hukaanga sampuli kidogo, huiacha itulie kwa saa 8 au zaidi, huisaga, kisha hutia gramu 8.25 kwa kila mililita 150 za maji yenye joto la nyuzi 93 hivi. Baada ya dakika 4 huvunja utando wa juu kwa kijiko, pua ikiwa karibu kabisa na kikombe. Hapo ndipo mengi hufichuka. Ikipoa kidogo huivuta kinywani kwa kishindo (mezani ungekuwa utovu wa adabu), kisha huitema. Kila sampuli huwa na vikombe 5, kwa sababu punje moja iliyooza yaweza kuharibu kikombe kimoja na kuviacha vinne salama. Alama 80 kwa 100 ndizo mpaka wa kahawa maalumu.

Maneno yake ni ya jikoni. Uchachu ni sifa, ukifanana na chungwa. Ukifanana na siki ni kasoro, katika kahawa kama katika mvinyo. Uzito ni vile kinywaji kinavyokaa ulimini, kama maji au kama maziwa. Uchungu ni jambo jingine kabisa, wala usichanganywe na uchachu.

Siki hiyo hutokana na nini? Mara nyingi ni mbuni zilizolala ndani ya gunia, au kahawa iliyokawia mno katika tangi la kuchachushia. Gunia moja la namna hiyo, likimwagwa katika mtambo wa pamoja, huchanganyika na kazi ya majirani wote, na bei ya fungu zima hushuka.

Kwa Mbaha na vijiji vya kando ya ziwa iko hatari nyingine. Kahawa ya maganda hunyonya harufu upesi. Iliyoteremshwa kutoka milimani ikawekwa chumba kimoja na usipa wakavu, au karibu na mafuta ya taa, haitasafishika kwa kuanikwa tena. Karani anayepokea kahawa na atie mkono ndani ya gunia, hadi katikati, achote konzi moja na kuinusa kabla ya kuipandisha mizanini.