Dondoo muhimu: Daktari unayetaka kusomea upasuaji Uingereza

Usikate tiketi kabla ya kujua njia ya usajili. Baraza la madaktari la huko, GMC, litataka shahada yako ihakikiwe, kisha uthibitishe Kiingereza chako: IELTS ya kitaaluma, wastani wa 7.5, bila sehemu yoyote kushuka chini ya 7. Halafu kuna mtihani wake wa PLAB, wenye sehemu mbili. Ya kwanza, ya maandishi, hufanyika nchi kadhaa. Ya pili, ya vitendo, ni Manchester tu, kwa hiyo tenga nauli na ada ya viza mapema.

Usajili pekee haukupi nafasi ya mafunzo. Ushindani ni mkali, na kwa miaka mingi masharti ya ngazi ya msingi yamemkataa mwenye uzoefu wa upasuaji unaozidi miezi 18. Naam, kushika kisu sana kunaweza kukuponza! Soma masharti ya mwaka unaoomba, si ya rafiki yako.

Ili uzoefu wako uwe na ushahidi, kila upasuaji unaoshiriki uandikwe, na msimamizi wako atie saini.

Na kabla hujauza kiwanja, ulizia COSECSA, chuo cha wapasuaji chenye makao Arusha. Kinafundishia katika hospitali za huku kwetu.