Matiti Baada ya Kuzaa: Je, Twende kwa Mpasuaji?



Kuna maswali yasiyoulizwa katika mkutano wa jumuiya ndogo ndogo, wala katika semina ya wanandoa kwenye ukumbi wa parokia. Huulizwa mlangoni, watu wakishatawanyika, tena kwa sauti ya chini. Moja ni hili. Mama amezaa watoto watatu au wanne, amewanyonyesha wote, na sasa akijitazama katika kioo hauoni tena mwili aliouzoea. Matiti yamelegea na kushuka, pengine moja limepungua kuliko jingine. Jioni akirudi nyumbani kwa matatu ya Ngong Road au ya Westlands anapita mabango ya kliniki za urembo. Mwenzake wa ofisini, pale mjini Kenyatta Avenue, amemnong'oneza kwamba yuko daktari anayeyanyanyua yakawa kama ya msichana. Je, Mkatoliki mwenye ndoa anaruhusiwa? Na hata kama anaruhusiwa, je, inamfaa?

Hayo ni maswali mawili. Msiyachanganye.

Kanisa linasema nini

Swali la kwanza lina jibu fupi kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano tu kabla ya kufariki, Baba Mtakatifu Pius XII aliwahutubia madaktari wa Italia wanaofanya upasuaji wa kurekebisha maumbile. Hakuwafukuza. Aliwafundisha kwamba uzuri wa mwili ni kitu chema kitokacho kwa Mungu, ingawa uko chini ya mema mengine yaliyo makubwa zaidi, kwa hiyo kutaka kuuhifadhi au kuurudisha si dhambi kwa lenyewe. Kinachopimwa ni nia ya mtu, uzito wa sababu zake na ukubwa wa hatari kwa afya yake. Anayetaka kujirekebisha ili awavute wengine katika dhambi, au kwa majivuno matupu ya kufuata mtindo, huyo nia yake imepotoka. Anayebeba fadhaa ya kweli, na ambaye hatari yake ni ndogo, hana sababu ya kuogopa kitubio.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inaongeza onyo katika namba 2289: tuutunze mwili, lakini tusiuabudu. Na mwezi Februari 2015, katika hati ya kuandaa mkutano wake kuhusu wanawake, Baraza la Kipapa la Utamaduni lilisema upasuaji wa urembo usio na sababu ya tiba waweza kuwa ukatili dhidi ya utu wa mwanamke mwenyewe. Ile ilikuwa hati ya majadiliano, si sheria. Hata hivyo inatufaa, kwa sababu inauliza: ni nani hasa anayemwambia mama huyu kwamba mwili wake umeharibika?

Tena tutenge kundi moja. Mama aliyekatwa titi kwa sababu ya saratani, au mwenye matiti mazito mno yanayomuumiza mgongo na shingo na kumtia vidonda vya joto chini yake, huyo anatafuta tiba. Aende bila wasiwasi wa dhamiri. Makala hii ni kwa ajili ya yule ambaye matiti yake ni mazima, ila yamebadilika.

Yamebadilikaje?

Titi halina msuli ndani yake wa kulibeba. Linashikwa na ngozi pamoja na nyuzi nyembamba. Wakati wa mimba tezi za maziwa hukua na ngozi hutanuka. Mtoto akishaachishwa, tezi husinyaa lakini ngozi hairudi yote. Ndiyo maana mazoezi huimarisha kifua kilicho chini ya titi, wala hayalinyanyui titi lenyewe. Mafuta na vidonge vinavyouzwa katika maduka ya vipodozi mjini havina uwezo huo pia. Afadhali fedha hizo mama ajipimie sidiria inayomkaa sawasawa.

Nataka kukaa kidogo hapa, maana kuna uongo unaowadhuru watoto wetu. Wako akina mama jijini wanaowaachisha watoto kunyonya mapema kwa kuogopa matiti kulegea. Mwaka 2008 daktari mpasuaji wa Marekani, Brian Rinker wa Chuo Kikuu cha Kentucky, alichapisha utafiti wake juu ya wanawake waliomwendea kwa shida hiyo hiyo. Aliona kwamba kinacholegeza ni idadi ya mimba, umri, unene, ukubwa wa matiti tangu mwanzo, na uvutaji wa sigara. Kunyonyesha hakukuonekana kuongeza kitu. Basi mnyonyesheni mtoto maziwa peke yake miezi sita, kisha pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili na zaidi, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Titi la mama halikuharibiwa na kinywa cha mtoto.

Baba watoto amesema nini?

Mara nyingi safari ya kwenda kliniki haianzii kwenye kioo. Inaanzia kwenye neno. Baba alitania siku moja mbele ya shemeji zake. Au hakusema kitu, ila aliacha kumgusa mkewe. Au mke aliiona simu yake na picha za wanawake anazozitazama usiku. Ikiwa ndivyo, bwana, kisu cha daktari hakitaponya jambo hilo, kwa kuwa kidonda hakiko kifuani pa mkeo. Wanawake wa kwenye picha hawazeeki, nao huletwa wapya kila siku. Hakuna mke anayeweza kushindana nao, hata akipasuliwa mara kumi.

Wapo waume wanaolitumia neno la Mtume Paulo kwa Wakorintho, kwamba mke hana mamlaka juu ya mwili wake bali mumewe. Wasome mstari mzima, maana Paulo anasema vivyo hivyo juu ya mwili wa mume. Neno lile linahusu kupeana, wala halimpi mtu ruhusa ya kumpeleka mwenzake chini ya kisu. Na katika sheria za tiba, mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayetia sahihi ya kukubali upasuaji wake mwenyewe. Mume hawezi kumsainia. (Na tuseme ukweli: kitambi cha baba kimekua miaka hiyo hiyo, naye hajazaa. Sijasikia mke aliyemletea mumewe kadi ya kliniki.)

Kuna kosa jingine la waume, nalo huonekana kama wema. Mke anapoeleza fadhaa yake, mume hujibu, "Mimi sijali, fanya upendavyo." Anadhani amempa uhuru. Mke husikia kwamba ameachwa peke yake. Kama kweli unampenda alivyo, mwambie hivyo waziwazi, kwa maneno na kwa mikono yako, si mara moja. Katika Amoris Laetitia, mwaka 2016, Baba Mtakatifu Fransisko aliwakumbusha wanandoa kwamba sura hubadilika katika kila ndoa, lakini mvuto kati yao hauna sababu ya kufa, kwa sababu anayependwa ni mtu mzima na historia yake yote. Huyu mwanamke ana alama za watoto wako mwilini mwake. Lini mara ya mwisho ulimshukuru?

Nawe mama, ikiwa fadhaa yako imefika mahali pa kuzima taa kila mara, kukataa unyumba, kulia peke yako bafuni, usikimbilie kwa mpasuaji kwanza. Zungumza na daktari wa kawaida au mshauri nasaha. Huzuni inayoanza baada ya kuzaa huweza kukaa muda mrefu, na huja ikiwa imevaa nguo za mambo mengine.

Mlango wa watoto

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa wanandoa Wakatoliki lina uzito kuliko yote. Madaktari wazuri humshauri mama asubiri angalau miezi kadhaa baada ya kuachisha, uzito wake utulie, na awe amemaliza kuzaa. Sababu ni rahisi: mimba nyingine itatanua tena kile kilichokazwa. Pia upasuaji, hasa wa kupunguza, waweza kukata njia za maziwa, na mtoto atakayefuata akakosa maziwa ya kutosha.

Fikirini maana yake katika ndoa yenu. Mnapanga uzazi kwa njia ya asili, na kila tendo la ndoa linabaki wazi kwa uhai. Kisha mnalipa malaki ya shilingi kwa ajili ya kifua kipya. Je, mwezi ule hedhi itakapochelewa, mtapokeaje habari? Zamani mngejiuliza kuhusu afya ya mama au karo ya watoto, na hizo ni sababu za haki. Sasa ingeingia sababu nyingine, kwamba mtoto ataharibu kazi ya daktari. Upasuaji ambao wenyewe si dhambi waweza kuwafundisha watu wema kumwogopa mtoto. Kwa hiyo mimi nasema wazi: mama wa miaka 31, ambaye yeye na mumewe hawajaafikiana kama watapata mwingine, asifanye. Mama wa miaka 45, ambaye kitinda mimba wake yuko sekondari, huyo tunaweza kukaa naye tukazungumza.

Kisu chenyewe

Kunyanyua matiti ni upasuaji kamili wa nusukaputi. Ngozi ya ziada hukatwa, chuchu huhamishwa juu, na makovu hubaki kuizunguka na mara nyingi kushuka hadi chini ya titi. Sisi Waafrika, ngozi zetu hupata keloidi kwa urahisi zaidi. Kama kovu la sikio au la kujifungua kwa upasuaji liliota donge, mwambieni daktari kabla ya lolote. Hisia za chuchu zaweza kupungua au kupotea, na hilo si jambo dogo katika unyumba. Kwa majuma kadhaa mama hatabeba mtoto wala ndoo ya maji. Nani atabeba?

Wengine huwekewa vifuko vya silikoni. Mwanamke wa kwanza kuwekewa, huko Houston, Marekani, mwaka 1962, alikuwa Timmie Jean Lindsey, mama wa watoto sita. Alikuwa amekwenda hospitali kuondolewa chale kifuani, na kilichokuwa kinamsumbua yeye ni masikio yake. Habari ya vifuko ililetwa na madaktari. Tangu siku hizo tumejifunza mengi. Vifuko si vya maisha yote. Wengi hufanyiwa upasuaji tena, kwa kuwa hupasuka au kovu hukaza kuvizunguka. Huweza pia kuficha uvimbe katika picha ya eksirei ya matiti. Mwaka 2010 Ufaransa ilipiga marufuku vifuko vya kampuni ya PIP vilivyojazwa silikoni isiyokusudiwa mwili wa binadamu, na mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni dunia nzima vile vyenye ngozi ya kukwaruza, baada ya kuhusishwa na aina adimu ya saratani.

Hapa kwetu, mwaka 2018 na tena mwaka 2024, tulisoma magazetini juu ya wanawake waliofariki baada ya upasuaji wa urembo katika kliniki za Nairobi. Haukuwa upasuaji wa matiti peke yake unaotisha. Hatari iko pia katika mahali na mikono. Basi msichague daktari kwa bango. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya, KMPDC, lenye ofisi zake Woodlands Road huko Kilimani, lina orodha ya madaktari na hospitali zenye leseni, na leseni hutolewa upya kila mwaka. Ulizeni kama huyu amesajiliwa kuwa mpasuaji bingwa wa fani hiyo. Ulizeni nani atatoa nusukaputi, na kama mgonjwa akizidiwa usiku, chumba cha wagonjwa mahututi kiko wapi. Daktari anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kuwajibu.

Kuhusu fedha nitasema machache. Bima kwa kawaida hailipi upasuaji wa urembo, wala matatizo yanayofuata. Usichukue mkopo wa SACCO kwa siri ukasema ni wa kiwanja. Na aliyefanya mwenzako ofisini akafurahi, nyumba yake si yako. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio.

Zoezi la wiki hii

Watoto wakishalala, kila mmoja achukue karatasi yake na kuandika bila kuonyesha. Kisha mbadilishane karatasi, msome kimya, na msiamue lolote usiku huo.

Mke: Siku gani nilianza kuuchukia mwili wangu, na nani alikuwa amesema nini? Nikirekebishwa na mume wangu asibadilike kitu, bado nitafurahi?

Mume: Nimewahi kusema au kutazama nini kilichomfanya ajione hafai? Akiamua kubaki alivyo, nitamwonyeshaje kwamba nimeridhika?

Wote wawili: Mungu akitujalia mtoto mwingine mwakani, tutampokeaje?