Hesabu ya Glasi Moja



Likizo iliyopita nilishindwa katika mabishano na mjomba wangu, mtu ninayempenda sana. Yeye huuza vinywaji katika hoteli moja, na usiku hurudi nyumbani kwa pikipiki. Aliniambia ya kwamba glasi moja ya Manhattan si kitu, kwa kuwa barafu huipunguza nguvu. Sikuwa na jibu. Niliporudi shuleni nilifanya hesabu, nayo ndiyo hii.

Manhattan ni kinywaji cha mchanganyiko kilichoanza Marekani katika karne ya 19. Vipimo vyake vya kawaida ni wiski mililita 50 na vermuti nyekundu mililita 20, pamoja na matone machache ya kiungo kichungu, ambayo nimeyaacha kwa uchache wake. Vermuti ni mvinyo uliotiwa mimea yenye harufu na kuongezwa nguvu. Tuseme wiski ina alkoholi 40 kwa mia, na vermuti 16 kwa mia.

Kwanza nilikosea. Nilijumlisha 40 na 16, nikagawa kwa 2, nikapata 28. Mwalimu akaniuliza, "Ukichanganya debe la maziwa na kikombe cha maji, je, utasema nusu yake ni maji?" Nikaona kosa langu. Lazima kila kitu kihesabiwe kwa kadiri yake:

Wiski: 50 × 40 ÷ 100 = mililita 20 za alkoholi.
Vermuti: 20 × 16 ÷ 100 = mililita 3.2.
Jumla: mililita 23.2 katika mililita 70, yaani kama 33 kwa mia.

Sasa tuitazame barafu. Kinywaji hukorogwa na barafu, kisha huchujwa. Tuseme maji mililita 25 yameingia. Ujazo umekuwa mililita 95, na nguvu imeshuka hata kama 24 kwa mia. Hapo mjomba alisema kweli. Lakini alkoholi yenyewe imekwenda wapi? Haikwenda popote. Ni zile zile mililita 23.2, nazo zote humwingia mnywaji.

Linganisha na bia ya nusu lita yenye nguvu ya 5 kwa mia: ina alkoholi mililita 25. Basi kiglasi kile kidogo kinakaribia chupa nzima ya bia! Tena ini la mtu mzima huondoa kadiri ya mililita 10 tu kwa saa, na watu hutofautiana. Kwa hiyo glasi moja huhitaji saa mbili na zaidi, na maji wala kahawa havilihimizi ini.

Nilimpelekea mjomba hesabu hii. Hakunijibu kwa maneno, lakini shangazi anasema siku akionja kinywaji, pikipiki hulala hotelini.

Zoezi: Wiski ni mililita 60, vermuti 30 na maji ya barafu 30. Tafuta nguvu ya mchanganyiko. (Jibu: 24 kwa mia.)