Je, Maua ya Ndani ya Nyumba Husafisha Hewa?

Ukipita kwenye vitalu vya miche vilivyo kando ya barabara, huenda ukakuta ua likiuzwa kwa sifa moja kuu: kwamba linasafisha hewa ya nyumba. Wakazi wametuuliza iwapo sifa hiyo ni ya kweli. Jibu fupi ni kwamba ina ukweli kidogo, na kidogo hicho hakitoshi kukulinda wewe na watoto wako.

Mwaka wa 1989, shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilitoa ripoti ya utafiti ulioongozwa na mwanasayansi Bill Wolverton. Nia ilikuwa kutafuta njia ya kusafisha hewa ndani ya vyombo vya angani, ambako hakuna dirisha la kufungua. Mimea iliwekwa ndani ya visanduku vilivyozibwa, kisha kemikali kama benzini na fomaldehaidi zikaingizwa humo. Fomaldehaidi hutoka kwenye gundi na mbao kama plaiwudi. Baada ya saa 24, kemikali hizo zilikuwa zimepungua. Sehemu iliyofanya kazi zaidi ilikuwa mizizi na udongo wake pamoja na vijidudu vinavyoishi humo, wala si majani. (Katika mimea iliyojaribiwa ulikuwemo ule unaoitwa spider plant kwa Kiingereza. Huo ni ua la kupamba, si ile mboga yetu ya saga yenye jina hilo hilo. Saga endelea kula.)

Tatizo ni kwamba nyumba si kisanduku. Hewa huingia na kutoka kupitia mlango, dirisha na nyufa za mabati kila saa, na hubeba uchafu kwa kasi ambayo mmea haiwezi. Mwaka wa 2019, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia majaribio ya miaka mingi na kupiga hesabu. Waligundua kwamba ili mimea ifikie kazi inayofanywa tayari na hewa inayopita nyumbani, utahitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Chukua chumba cha kawaida cha kupanga, cha futi 10 kwa 10, ambacho ni kama mita 9 za mraba. Hata kwa hesabu ya chini kabisa, unahitaji vyungu 90. Kitanda utakiweka wapi?

Isitoshe, kemikali hizo si adui mkubwa wa hewa katika nyumba zetu nyingi. Adui ni moshi wa kuni, makaa na mafuta taa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020, na kwamba hatari ya nimonia kwa mtoto anayevuta moshi huo huongezeka karibu maradufu. Maua hayakujaribiwa kwa ajili ya moshi wa jikoni, na hakuna chungu kitakachoupunguza kwa kiwango cha maana.

Hatari zaidi ni jiko la makaa linaloingizwa chumbani usiku wakati wa baridi ya Juni na Julai. Wengi hungoja makaa yashike vizuri na moshi uishe, kisha huona sasa ni salama. Hapo ndipo mtego ulipo. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Aliye macho huumwa na kichwa, husikia kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Watu kadhaa wa nyumba moja wakianza kuumwa na kichwa kwa wakati mmoja huku jiko likiwaka, msitafute dawa ya maumivu. Tokeni nje wote, acheni mlango wazi, kisha nendeni kituo cha afya kilicho karibu hata kama mmeanza kupata nafuu.

Kinachosafisha hewa ni hewa yenyewe. Fungua dirisha na mlango ulio upande mwingine ili upepo upite katikati. Dirisha moja peke yake husaidia, lakini si sana. Washa jiko nje, na lisilale ndani hata likiwa limefunikwa majivu. Anayepikia ndani atenge jiko na chumba cha kulala, na paa liwe na njia ya moshi. Kuni zikauke kabla ya kuwashwa, kwani kuni mbichi huongeza moshi. Anayeweza kutumia gesi au umeme, hata kwa chai ya asubuhi tu, atakuwa amepunguza moshi mwingi. Upepo huo huo hupunguza pia uwezekano wa kuambukizana kifua kikuu.

Je, tutupe maua? La. Hata ofisi yetu ya habari ina vyungu vitatu dirishani na hatuna mpango wa kuviondoa. Maua hupendeza macho, na wanaoyauza wanalisha familia zao. Pangusa majani kwa kitambaa chenye maji ili vumbi lisirundikane. Usimwagilie kupita kiasi, kwa sababu udongo unaolowa kila wakati huota kuvu, na kuvu huwasumbua wenye pumu. Mwaga maji yanayobaki kwenye kisahani angalau mara moja kwa wiki, maana mbu anayeeneza homa ya dengi hutaga mayai katika maji machache kama hayo.

Wenye watoto wanaotambaa wawe waangalifu zaidi. Baadhi ya maua yanayopendwa sana, kama vile money plant na dieffenbachia, yana utomvu unaowasha na kuvimbisha mdomo na ulimi yakitafunwa. Muulize muuzaji kabla ya kununua, na ukishafika nyumbani kiweke chungu mahali ambapo mtoto hafiki.