Kujifunza Uandishi wa Chuo kwa Njia ya Mtandao

Mwaka wa kwanza wa chuo kikuu huwa na kozi ambayo wanafunzi wengi huidharau kwa jina lake tu: stadi za mawasiliano, ambamo hufundishwa uandishi wa insha ya kitaaluma. Mkazi anayeisoma akiwa nyumbani hukabiliwa na ugumu usiomfika mwenzake wa darasani. Mkufunzi hamwoni, hamsikii akijieleza, wala hawezi kumuuliza papo hapo alikusudia nini. Maandishi ndiyo pekee yanayomfikia, na ndiyo yanayopewa alama.

Elimu ya masafa si ngeni nchini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kuwapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, muda mrefu kabla intaneti haijafika katika vijiji vingi. Mtandao umefupisha safari ya kazi na ya majibu yake. Kazi yenyewe imebaki ileile.

Kiini cha kazi hiyo ni kuandika upya. Tuchukue mwanafunzi aliyetakiwa kuandika aya moja kuhusu tatizo la jamii yake, naye akaanza hivi:

“Maji ni uhai. Watu wengi katika kata yetu wana shida kubwa ya maji, hivyo Serikali ichukue hatua.”

Sarufi ni sahihi, lakini hoja haipo. Mtu wa kata yoyote angeweza kuyaandika hayo bila kunyanyuka kitini. Mkufunzi akiirudisha aya hiyo na maswali mawili, watu gani na lini, mwanafunzi makini hairekebishi kwa kuongeza maneno mazito. Huandika nyingine:

“Kisima cha shule ya msingi hukauka kila Septemba. Kwa miezi miwili wanafunzi wa darasa la sita na la saba huchota maji mtoni asubuhi na kukosa kipindi cha kwanza. Kukiongezea kisima kina ni nafuu kuliko kuchimba kipya.”

Sasa mna mahali, wakati, watu na dai. Lakini neno “nafuu” lazua swali jipya: kwa ushahidi gani? Hapa anayesomea nyumbani ana bahati ambayo mwanafunzi wa bwenini hana, kwani ushahidi uko jirani naye. Mahudhurio yamo katika daftari la mwalimu. Makadirio ya uchimbaji yanaweza kuulizwa RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini ulioanza kazi mwaka 2019. Kila chanzo kitajwe. Kunakili maneno ya mwingine bila kumtaja ni wizi wa kitaaluma, na programu za kulinganisha maandishi huubaini upesi.

Lugha nayo huwaangusha wengi, kwa kuwa sehemu kubwa ya masomo ya chuo hufundishwa kwa Kiingereza. Ni vyema kupanga hoja kwa Kiswahili, lugha ambayo mtu huona haraka palipo na pengo, kisha kuiandika aya upya kwa Kiingereza badala ya kuitafsiri sentensi kwa sentensi.

Kuhusu gharama, rasimu iandikwe bila mtandao, hata kwa kalamu. Data itumike kupakua masomo na kutuma kazi. Video ya saa moja hula kifurushi kuliko mamia ya kurasa za maandishi. Katika Moodle, mfumo unaotumiwa na vyuo vingi, kazi iliyopakiwa inaweza kubaki rasimu hadi mwanafunzi abonyeze kitufe cha kuwasilisha, na muda ukipita mlango waweza kufungwa. Kusubiri usiku wa mwisho mahali penye mtandao wa kusuasua ni kuchezea ada.

Kabla ya kulipa ada hiyo, mkazi ahakikishe kwanza kwamba chuo kinatambuliwa na TCU au NACTVET. Kisha akiulize chuo jambo ambalo matangazo hayalitaji: ni kazi ngapi za maandishi zitakazorudishwa zikiwa na maoni ya mkufunzi, na baada ya siku ngapi? Kozi inayorudisha alama tupu haitamwonyesha kwa nini aya ya kwanza ilishindwa.